Kalamu ya Kujihami na Njia za Usiku Ufipa

Kama uko Sumbawanga mjini, Laela, Namanyere, Matai, au kule chini bondeni Muze, vuta kiti tuzungumze. Leo nataka tuizungumzie kalamu.

Siyo peni ya kuandikia hesabu za dukani. Ni ile inayotangazwa siku hizi kwenye simu, na vijana wa bodaboda na walimu wameniuliza kama inafaa. Mwili wake ni wa alumini ngumu, au chuma cha pua, au titani kwa zile za gharama. Umechongwa mistarimistari usiteleze kiganjani. Upande mmoja una wino kama peni yoyote. Upande wa pili umechongoka, na kwenye ncha wameweka punje ya tungsteni kabaidi, kitu kigumu kilekile kinachowekwa kwenye vyuma vya kutobolea miamba. Uzito wake ni gramu 30 hadi 50 hivi. Unaichomeka mfuko wa shati, unaingia nayo benki, kanisani, ofisi ya kijiji, na hakuna anayegeuka kukutazama. Wauzaji wanaiita kalamu ya kujihami, na sifa wanayoitangaza kuliko zote ni hiyo: kwamba hakuna atakayejua umebeba nini.

Mimi sina ugomvi na mtu anayeinunua. Anayetembea usiku akiwa na hofu ana haki ya kutafuta cha kumtoa hofu. Lakini hiyo sifa ya kufichika ndiyo inayonisumbua, na ndiyo nitakayoishughulikia jioni hii.

Kwanza tuitendee haki kalamu yenyewe. Asili yake si ya jana. Wajapani walikuwa na kijiti kifupi cha kushikwa ndani ya ngumi. Miaka ya 1970 mwalimu wa karate Takayuki Kubota, Mjapani aliyehamia Marekani, alikitengeneza upya kikawa kijiti kigumu cha sentimita 14 hivi, cha kuning'inizia funguo, akawafundisha askari polisi wa kike wa Los Angeles namna ya kukitumia. Na kabla yake, mwanzoni mwa karne ya 20, wanawake wa miji ya Marekani na Ulaya walikuwa wakijitetea kwa pini ndefu za kofia dhidi ya wanaume waliowashikashika kwenye tramu na mitaani. Mwaka 1910 jiji la Chicago likapiga marufuku pini iliyozidi inchi 9. Tazama sheria ile ilimwangukia nani. Iliipima pini ya mwanamke, haikuugusa mkono wa aliyemshika. Kalamu ya leo ni mjukuu wa kijiti kile na pini ile, na sasa inatengenezwa hata na kampuni za bunduki na visu, kama Smith & Wesson na Gerber.

Inafanyaje kazi? Inakusanya nguvu yote ya mkono mahali padogo. Mtu amekukamata kifundo, unamgonga kwenye mifupa ya mgongo wa kiganja, maumivu yanamfanya alegeze vidole, nawe umepata sekunde moja au mbili. Katika sekunde hizo unakimbia. Hapo ndipo kazi yake inapoishia. Haimwangushi mtu chini, na anayekuambia itamwangusha anakudanganya. Kwa mtu mwenye panga haina la kufanya kabisa, maana wewe una sentimita 15 za chuma na yeye ana zaidi ya nusu mita.

Kisha kuna hofu yenyewe. Mtu akishtuliwa gizani moyo unakwenda mbio, macho yanaona mbele tu, vidole vinapoteza ustadi. Hata kufungua zipu kunakuwa kazi. Sasa ongeza hali yetu ya Ufipa. Mji wetu wa Sumbawanga uko mita 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari. Juni na Julai, saa moja jioni, mtu wa Kizwite au Chanji amevaa shati, juu yake sweta, juu yake koti, na mama amejifunga kitenge au shuka juu ya vyote. Kalamu iko mfuko wa shati, chini kabisa. Aliyekukaba roba kwa nyuma hakusubiri ufungue vifungo. Kwa hiyo anayeibeba aiweke mfuko wa nje wa koti, na afanye mazoezi ya kuitoa akiwa na koti lake la baridi, mara nyingi, mpaka mkono uijue njia. Bila hivyo anabeba matumaini tu, na ni afadhali ajue hivyo kabla hajatoa hela.

Lakini kuna kazi moja ambayo kalamu hii inaiweza. Kuvunja kioo. Kutoka Tunduma kuja Sumbawanga ni zaidi ya kilomita 200 za lami. Lami imetuokoa na vumbi na matope, tumshukuru Mungu, lakini imeleta na mwendo. Basi likilala ubavu mlango unaweza kuwa ndio uko chini, na watu wamo ndani na moshi. Kioo cha ubavuni cha mabasi mengi kimekazwa kwa moto kiwandani, kwa hiyo ni kigumu mno kwa ngumi, lakini kikipigwa na ncha ngumu iliyo ndogo kinapasuka chote kwa mara moja na kuwa chembechembe. Piga pembeni, karibu na kona, usipige katikati, maana katikati kioo kinabonyea na kurudi. Geuza uso, funika mkono kwa kanga au koti. Kioo kikubwa cha mbele kwa dereva ni cha aina nyingine: ni tabaka mbili na katikati kuna plastiki, kitafanya nyufa lakini hakitaanguka, usipoteze muda hapo. Mabasi yanapaswa kuwa na nyundo ndogo za kazi hii, na katika mengi niliyopanda nimekuta kishikio kipo, nyundo haipo. Kwa ajili hii tu, makondakta, walimu wanaosafiri na wanafunzi, dereva wa noah anayeshuka mlima wa Ntendo kwenda Muze, ningewaambia wote wawe nayo au wawe na nyundo yake.

Sasa nirudi kwenye kuficha.

Mzee wa Kifipa anayetoka Mollo kwenda Pito baada ya jua kuzama anabeba fimbo. Mchungaji wa Kisukuma aliyehamia bonde la Ziwa Rukwa na ng'ombe wake, naye ana fimbo, ndefu, laini kwa miaka ya kushikwa. Fimbo hiyo inaonekana kutoka mbali. Mwenye nia mbaya anaiona, anapiga hesabu, anaacha njia, na hakuna aliyeguswa. Fimbo imefanya kazi bila kuinuliwa. Tochi ni hivyohivyo: mwanga unamwambia aliyejificha kwamba ameonekana. Na salamu pia. Wazee wetu wanakumbuka desturi ya njiani, kwamba ukisikia hatua gizani unasalimu ukiwa bado mbali, na anayekuja anaitika na kusema ni nani na anatoka wapi. Asiyeitika umeshamjua. Vitu hivi vyote vinalinda kwa sababu vinaonekana na kusikika mapema. Kalamu iliyofichwa haimwonyi mtu yeyote. Inaanza kazi pale ambapo mkono wa mtu umeshafika kooni mwako, na huo ndio wakati mgumu kuliko wote wa kuanza.

Napenda watu wa nyanda hizi wakumbuke pia kwamba chuma hakikuwa kigeni kwao. Ufipa ni nchi ya wafua chuma. Yale matanuri marefu ya udongo, malungu, yenye urefu wa mita 3 hivi na pengine zaidi, bado yamesimama vichakani, mengine yamebomoka nusu. Yalivuta hewa yenyewe kupitia matundu ya chini, bila mivukuto. Chuma kilichopatikana kikasafishwa tena kwenye tanuri dogo kwa mivukuto, ndipo mhunzi akakipiga. Kikatoka jembe, shoka, na mkuki pia. Na nchi ile iliona vita. Miaka ya 1840 Wangoni wa Zwangendaba walifika hapa kutoka kusini, na Zwangendaba mwenyewe alifia Ufipa karibu mwaka 1848. Lakini Mskoti Joseph Thomson alipopita mwaka 1880 akiwa njiani kwenda Ziwa Rukwa, aliandika habari za wakulima watulivu, watu wa jembe. Mwanaanthropolojia Roy Willis, aliyeishi Ufipa na kuandika vitabu juu ya Wafipa, alijiuliza karibu miaka mia moja baadaye amani ile ilijengwaje katika falme mbili, Nkansi na Lyangalile, zilizowahi kupigana. Majibu yake ni marefu na wasomi wamebishana juu yake. Mimi nachukua moja tu: watu hawa walikuwa na chuma cha kumtosha kila mtu silaha yake, na bado usalama wao waliuweka katika kuishi pamoja vijijini, wakijuana.

Sheria nayo inasemaje? Wengi hawajui, kwa hiyo nisikilizeni vizuri. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, katika vifungu vilivyoingizwa na marekebisho ya mwaka 1980, inakupa haki ya kujitetea wewe mwenyewe, kumtetea mwenzako, na kutetea mali. Haki hiyo ni yako, huombi ruhusa kwa mtu. Lakini inakuruhusu kutumia nguvu ya kiasi tu, ile inayohitajika kujikinga. Ukizidisha, kwa ziada ile utajibu mahakamani, na kama mtu amekufa kwa sababu ya nguvu iliyopitiliza, kosa ni kuua bila kukusudia. Sheria inakubali kwamba kujitetea kunaweza kufika hata kwenye kifo pale mtu anapohofia kwa haki kuuawa au kuumizwa vibaya, au anapokabiliwa na ubakaji, utekaji au unyang'anyi. Basi ukimgonga mtu mkono akakuachia, umejitetea. Ukimfuata akikimbia, ukamchoma mgongoni, hapo wewe ndiye unayeshambulia, hata kama yeye ndiye aliyeanza. Hakimu atauliza jambo la pili: kwa nini ulikuwa na kitu hiki? Mwenye fimbo ya kutembelea ana jibu. Mwenye tochi ana jibu. Mwenye chuma kilichotengenezwa makusudi kimuumize mtu na kikafichwa kisijulikane, anahitaji jibu zuri zaidi. Na kijana anayeona kalamu hii ni njia rahisi ya kumtishia mtu amnyang'anye simu, ajue kwamba unyang'anyi wa kutumia silaha adhabu yake haipungui miaka 30 jela.

Kuna jambo lingine la mitaani kwetu ambalo walimu wa kujihami wa nchi za nje hawalijui. Wao wanafundisha: ukivamiwa, piga kelele. Sawa. Lakini kelele gani? Hapa kwetu neno "mwizi" likipigwa usiku linaweza kuua mtu ndani ya dakika kumi. Ripoti za Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu zimekuwa zikihesabu mauaji ya wananchi kujichukulia sheria mkononi kwa mamia katika mwaka mmoja, na wengine kati yao hawakuiba kitu. Wewe umekwapuliwa simu, umemwonyesha aliyekuwa anakimbia, na aliyekuwa anakimbia ni mtu mwingine aliyekuwa anawahi nyumbani. Kwa hiyo nawaomba, na ninaomba kwa uzito wote, kelele ziwe za kuita msaada: "Jamani nisaidieni, nakabwa!" Taja jina lako, taja ulipo. Watu waje kukutoa wewe, wasije kumtafuta wa kumchoma moto. Filimbi ni bora hata zaidi. Haimtaji mtu, haimhukumu mtu, inafika mbali kuliko koo lililokauka kwa hofu, na bei yake ni ndogo sana ukiilinganisha na kalamu ya titani. Sungusungu wa Usukumani, walioanza mapema miaka ya 1980, walijua nguvu ya mlio unaoitikiwa na kijiji kizima. Wapo pia waliovuka mipaka wakaumiza watu, na hilo tusilisahau. Mlio wa kuitana tuuchukue, yale mengine tuyaache.

Sasa naingia mahali pagumu. Tunapozungumza juu ya kujihami, picha tuliyo nayo ni ya mgeni gizani. Lakini utafiti wa kitaifa wa afya ya jamii wa 2015-16 ulionyesha kwamba wanawake 40 katika kila 100 wa umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamepigwa au kuumizwa mwili tangu wafike miaka 15, na kwa walioolewa aliyetajwa zaidi alikuwa mume au mwenza. Mama anayepigwa nyumbani, kalamu ya kujihami atamwelekezea nani? Baba watoto, chumbani, watoto wakiangalia? Akifanya hivyo mara moja na asipate pa kwenda, kesho yake itakuwa mbaya kuliko jana. Anachohitaji ni jirani anayebisha hodi anaposikia, mwenyekiti wa mtaa asiyemwambia akavumilie, na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, ambalo lipo na linapokea watu.

Na watoto wenye ualbino. Mkoa wetu una aibu hii na sitaizunguka. Mwaka 2013 bonde la Rukwa mtoto alivamiwa akitoka shule, mkono wake ukakatwa. Mwaka 2015 mwingine, wa miaka 6, alivamiwa usiku nyumbani kwao, mama yake akapigwa. Wanaofanya haya wanakuja na mapanga, na nyuma yao kuna mganga anayepiga ramli na mteja anayelipa. Januari 2015 serikali ilipiga marufuku wapiga ramli hao. Hakuna kitu cha mfukoni ambacho mtoto wa darasa la nne angepewa kikamwokoa. Angeokolewa na wenzake watano wa kutembea naye, na mtu mzima aliyejua saa ambayo anapaswa kuwa amefika.

Mtaniuliza, je, mafunzo yana maana yoyote? Yana maana, tena kubwa kuliko kifaa. Katika vitongoji maskini vya Nairobi kulikuwa na mpango wa kuwafundisha wasichana wa sekondari kujihami, na watafiti waliufuatilia wakachapisha matokeo mwaka 2013 na 2014. Zaidi ya nusu ya wasichana waliofundishwa walisema walitumia mafunzo hayo kuzuia shambulio katika miezi iliyofuata, na wengine hawakurusha hata teke. Walitumia sauti. Walisema hapana kwa nguvu, walimtazama mtu machoni, walipiga kelele, waliondoka. Korogocho, bibi vizee nao walikusanyika kila wiki kufanya mazoezi ya ngumi na mateke, kwa sababu wabakaji walikuwa wanawatafuta wao. Hao bibi hawakununuliwa kalamu. Walifundishwa mahali pa kupiga na namna ya kupaza sauti, na wakajuana, hata mmoja akipiga ukunga wenzake wanaijua sauti yake ni ya nani.

Hilo ndilo ningependa lianzie Ufipa, na lianzie kwenye shule za kata. Tangu mpango wa elimu ya sekondari ulioanza 2004, shule zimefika kata hadi kata, jambo jema sana. Lakini kata zetu ni pana. Binti anatembea kilomita nyingi, au anapanga chumba karibu na shule, wanachokiita geto, analala peke yake au na mwenzake, mlango wa mbao na kitasa cha mia tano. Hapo ndipo penye hatari yetu kubwa, na kila mtu hapo kijijini anapajua. Bweni lijengwe, na pale ambapo bweni halijafika, mama mmoja wa jirani apewe majina ya mabinti wa magetoni na awapitie kila jioni. Walimu wa michezo wafundishe wasichana na wavulana pamoja: namna ya kujinasua kifundo, namna ya kupaza sauti, namna ya kukimbilia penye taa. Wavulana wafundishwe pia kwamba "hapana" haijadiliwi. Kila binti awe na filimbi shingoni, juu ya sweta, ionekane. Anayependa kumwongezea kalamu ya chuma na amwongezee, ila iwe ya mwisho kwenye orodha.

Na kama yote yameshindikana na mtu ameumizwa, nanyi mnaonisikiliza mshike haya. Majeruhi aliye hoi aende hospitali kwanza. Fomu ya polisi, PF3, ichukuliwe mapema, maana ndiyo inayobeba maelezo ya majeraha hadi mahakamani. Aliyebakwa asioge, asifue nguo alizokuwa amevaa, aziweke kwenye mfuko wa karatasi au kitambaa, si wa nailoni. Afike kituo cha afya ndani ya saa 72, akifika mapema zaidi ni bora zaidi, kwa sababu dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatolewa ndani ya muda huo. Polisi ni 112. Simu ya watoto ni 116, haikati salio, na mtu mzima anaweza kuipiga kwa niaba ya mtoto wa jirani hata kama jirani mwenyewe hataki.